Muulize Fundi: Nyundo ya Juárez na shitingi ya shangazi

Mwezi huu barua moja imekula karibu ukurasa wote. Wenye maswali ya kuta zinazovuja na mafundi waliotoroka na pesa za bati mnisamehe, zamu yenu inakuja.

*

Shikamoo Mzee Fundi,

Nina miaka 24. Nimezaliwa Uvira, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kasulu, na tangu 2016 naishi Abilene, Texas, pamoja na mama na wadogo zangu watatu. Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Safu yako naipata kwa binamu yangu wa Kigoma. Anaipiga picha kwa simu na kunitumia, kwa hiyo mistari ya pembeni huwa naikosa.

Kanisa tunalosali ni la Wamarekani. Mwezi wa saba vijana 14 wanakwenda Ciudad Juárez, Mexico, ng'ambo ya mto ukiwa El Paso, kumjengea mtu nyumba kwa siku nne. Wameniomba niwe wa kumi na nne. Kila mmoja atafute dola 850. Kati ya hizo, 350 ni za vifaa vya nyumba, na 500 ni za gari, mafuta, chakula, bima na mahali pa kulala. Usipokuwa nazo unaandika barua kwa ndugu na marafiki, unawaomba wakuchangie. Wenzangu wameshaandika. Mimi ndugu na marafiki zangu wengi wako Nyarugusu. Nimwandikie nani?

Mama amekasirika. Aliniambia, "Shangazi yako analala chini ya shitingi iliyotoboka, wewe unakwenda kumwezekea Mmeksiko?" Sikuwa na jibu. Najua hela ya safari ile ingemtosha shangazi kuezeka upya na kubaki na ya akiba.

Halafu kuna jambo ambalo mama simwambii. Nilipokuwa na miaka kumi au kumi na moja, walikuja wageni kambini wamevaa fulana za rangi moja. Walikuwa wema. Walicheza mpira na sisi, wakagawa peremende. Mmoja alinipiga picha nikiwa na tofali la tope kichwani. Hakuniuliza. Nilikuwa na kamasi. Mpaka leo huwa nafikiri ile picha iko ukutani kwa mtu. Sasa fulana zetu za Juárez zimeshachapwa. Ni za kijani, zina jina la kanisa mgongoni, na yangu ipo kabatini.

Kiongozi wetu ni mtu mzuri, sitaki umseme vibaya. Anasema safari hii itanibadilisha maisha. Mimi maisha yangu yamebadilika vya kutosha, Mzee.

Niende au nisiende?

Binti wa Nyarugusu, Abilene

*

Marahaba, binti yangu. Hiyo ya kamasi imenikaa moyoni.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1994 nilikuwa fundi mkuu kwenye nyumba ya mjane mmoja kijijini kwetu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Usharika ulipata wageni kutoka ng'ambo, vijana kumi na sita wenye afya na nyimbo, na ndio walioleta pesa ya saruji na bati. Asubuhi ya kwanza kila mmoja alitaka mwiko. Aliyetaka karai hakuwepo. Nikawapanga ukutani, nikawafungia kamba, nikaenda kusimamia zege la karo. Niliporudi kamba walikuwa wameitoa kwa sababu inawachelewesha. Kozi nne zilikuwa zimepanda. Niliposhusha timazi, ukuta ulikuwa umelala nje kwa upana wa vidole viwili, na viungo vya wima vimekaa juu kwa juu kama vifungo vya shati. Ukuta wa namna hiyo unabomolewa jioni ileile, saruji ikiwa mbichi.

Nikamfuata mzee wa kanisa, nikamwambia. Akanijibu taratibu, "Fundi, waache. Saruji ni yao."

Nikawaacha. Walipoondoka niliuficha ule ulegevu kwa plasta nene, nami najua kabisa kwamba plasta nene haikai. Miaka miwili baadaye ilibanduka, na ufa upo hadi leo, unatoka kona ya dirisha kwenda chini. Mjane hakusema kitu. Mzee wa kanisa hakusema kitu. Mimi niliyekuwa nalipwa ili niseme, sikusema kitu. Vijana kumi na sita wakarudi kwao wakiamini wamejenga ukuta, na hawakukosea kuamini, maana hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo kuna swali moja nataka ulipeleke kwa kiongozi wenu kabla ya jambo lingine lolote. Huko kiwanjani Juárez, nani ana ruhusa ya kutuambia hapana? Kuna fundi wa palepale? Kwa Kihispania fundi mwashi anaitwa albañil, jifunze neno hilo kabla ya yale ya kuomba maji. Huyo albañil analipwa, au naye "amejitolea" kwa sababu wageni wamefika? Akisema bomoeni, mtabomoa? Na mama mwenye nyumba, akisema mlango hautaki upande huo, mlango utahamishwa? Kikundi chenye majibu ya maswali hayo kinajulikana, kinajibu haraka na kwa majina ya watu. Kama mkuu wa kazi ni mmoja wenu aliyewahi kujenga banda la mbwa nyuma ya nyumba yao, basi lala. Zamu ya usiku inachosha.

Nyumba zenyewe za huko si ngumu kwa mikono ya wanafunzi. Juárez ni mji wa viwanda. Tangu miaka ya 1960, Mexico ilipofungulia mpaka viwanda vya kuunganisha bidhaa za kuuzwa Marekani, wao huviita maquiladora, watu wamemiminika kutoka majimbo ya mbali. Mshahara wa kiwandani haumpi mtu kodi ya nyumba na pesa ya kujenga kwa wakati mmoja. Familia inanunua kipande cha mchanga pembezoni mwa mji, upande wa Anapra kwa mfano, inalipa kidogo kidogo, na inajisitiri kwa kile viwanda vinachotupa: paleti, maboksi, mabati chakavu. Vikundi kama chenu huja kumwaga jamvi la zege, kusimamisha fremu za mbao za mbili kwa nne, kufunga waya wa kuku kwa nje na kupiga plasta. Siku nne zinatosha, mradi jamvi limwagwe na wanaojua na lifunikwe kwa nailoni mara moja. Mwezi wa saba jua la jangwa linanyonya maji ya zege kabla hujafunga mdomo wa mfuko wa saruji, na mvua za radi za alasiri nazo huanza mwezi huohuo. Ulizia pia kama familia ina karatasi za kiwanja, hata kama bado wanalipia. Kuna vikundi havijengi bila hizo, na vina akili. Ukimjengea mtu nyumba nzuri kwenye ardhi isiyo yake umemjengea mwenye ardhi.

Sasa hesabu. Nyinyi 14 mara dola 850 ni 11,900. Vifaa ni 4,900. Dola 7,000 zinakwenda kuwasafirisha, kuwalisha na kuwalaza nyinyi. Sisemi ni wizi, gari halinywi maji. Lakini kwenye zile barua za kuomba michango hesabu hiyo iandikwe ilivyo. Mchangiaji asidhani dola zake zote zimegeuka misumari.

Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, vikundi vingi vya makanisa ya Marekani Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba kule. Mtafiti mmoja aliyekuwa anaishi hukohuko Honduras, Kurt Ver Beek, alizungukia familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na mashirika ya Wahonduras wenyewe. Hakuona tofauti ya maana kati ya maisha ya hawa na ya wale. Baadhi ya watu walimwambia kwa adabu kwamba wageni walikuwa wazuri sana, ila nauli zao zingejenga nyumba nyingine nyingi. Akawafuata na wageni makwao. Wengi walisema safari imewabadilisha, lakini alipoangalia kama wanatoa sadaka zaidi kuliko zamani, mabadiliko yalikuwa madogo mno. Kiongozi wenu akikwambia tena kuhusu kubadilika maisha, unaweza kumsimulia hiyo, kwa upole.

Ukienda kwa hesabu tupu, msiende, tumeni hela. Lakini binadamu hatuishi kwa hesabu tupu. Mtu akifiwa huwa hatutumi rambirambi peke yake na kubaki tumekaa. Tunakwenda, tunakalia jamvi la watu, tunakula wali wao, tunawaongezea kazi, na bado wanataka twende. Ukienda Juárez nenda kwa namna hiyo. Nenda kumwona mtu. Nyumba ingejengwa vizuri na albañil na mwanawe, tena kwa bei nafuu, kwa hiyo usijidanganye kwamba unakwenda kwa ajili ya nyumba.

Kwetu tulikuwa na msaragambo. Rafiki zangu wa Kenya husema harambee, ndugu zetu wa Rwanda wana umuganda, na mama yako bila shaka anakumbuka salongo ya Zaire, ingawa ile ilikuwa na polisi ndani yake. Uzuri wa msaragambo wa kweli ni kwamba leo tunachimba mfereji wa fulani na keshokutwa wa kwako, na kila mtu anajua. Anayesaidiwa leo anatembea kifua mbele kwa sababu jembe lake limeshafanya kazi kwa wengine. Hizi safari za fulana zina upungufu huo. Zamu haizunguki. Watu wa Anapra hawatakuja Abilene mwezi wa nane kuwapakia rangi kanisa.

Na hapa nina habari ambayo huenda wenzako kwenye gari hawana. Shirika la Kikristo la kujenga nyumba linalojulikana kuliko yote duniani, Habitat for Humanity, lile ambalo hayati Rais Jimmy Carter wa Marekani alilishikia nyundo tangu 1984 mpaka uzeeni, wazo lake lilijaribiwa nchini kwenu kabla shirika halijazaliwa. Millard Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara tajiri wa Alabama. Yeye na mkewe Linda waligawa mali yao, wakaenda kukaa na jumuiya ya wakulima Wakristo ya Koinonia, karibu na Americus, Georgia. Hapo, mwaka 1968, pamoja na mchungaji Clarence Jordan, wakabuni mfuko wa kujengea maskini nyumba. Mwaka 1973 akina Fuller walihamia Mbandaka, pale mstari wa ikweta unapokutana na mto Kongo, wakafanya kazi na kanisa la huko miaka mitatu kujenga nyumba za matofali ya saruji na mchanga. Waliporudi, mwaka 1976, ndipo wakaanzisha shirika. Utaratibu wake haukuwa wa kugawa bure. Mwenye nyumba anashika sepeto na wenzake, anauziwa bila faida, analipa kidogo kidogo bila riba, kama Kutoka 22:25 inavyotaka, na malipo yake yanakwenda kujenga nyumba ya jirani. Zamu inazunguka. Ulizeni kikundi chenu kama familia ya Juárez inachangia chochote, jasho au pesa, na kama jasho lao linapewa sauti.

Nirudi kwa mama yako, maana yeye ndiye ameandika nusu ya barua hii.

Mama ana haki ya kukasirika. Lakini kuna kitu nimekitafuta kwenye barua yako nikakikosa. Umesema shitingi ya shangazi imetoboka. Umesema hela ingetosha kuezeka. Hukusema kama umemuuliza. Pengine shangazi anataka paa. Pengine anataka cherehani, au ada ya mtoto, au hataki kutia pesa kwenye nyumba ambayo siku yoyote ataambiwa aiache. Mtu aliyekaa kambini miaka yote hiyo ana sababu zake za kutojenga kwa kudumu. Wewe na mama mmeshamwezekea kwa mawazo mkiwa Texas. Mpigie simu. Umwamkie, umsikilize, na akisema kiasi, umtumie hicho kwanza, kabla ya dola hata moja ya Juárez. Hapo mama atapoa. Asipopoa, mwambie aje na yeye apige zege, kwa ukali huo nadhani anajua kupima mchanga.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, shangazi akishasikilizwa, na kiongozi akishakujibu lile swali la nani anasema hapana. Kama michango imepungua, mwambie kanisa waziwazi kwamba ukoo wako hauna wa kuandikiwa barua. Wakikutaka kweli watakulipia. Wasipokulipia umejua jambo.

Ukifika, usikimbilie nyundo. Omba kuwa saidia fundi wa yule albañil. Beba maji, chekecha mchanga, mshikie ngazi. Siku nne za kuwa saidia fundi unajifunza kuliko siku arobaini za kuwa mfadhili. Na ongea na bibi wa nyumba ile kuhusu matofali. Wewe umefyatua tofali la tope, umelianika, umeligeuza, umeliona likipasuka kwa sababu nyasi zilikuwa chache. Nao wanalo, wanaliita adobe, ni udongo, maji na majani, halichomwi. Katika jimbo hilohilo la Chihuahua, Casas Grandes, kuna magofu ya mji mzima wa udongo uitwao Paquimé, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1998. Nakuhakikishia, kati ya wale 14, ni wewe pekee utakayeweza kumweleza bibi kwa mikono tu namna tope linavyokanyagwa, na atacheka, na atakuonyesha lake.

Kuhusu picha. Wewe umeshajua namna ya kuuliza, sina la kukufundisha. Ila kwenye gari, kabla ya kuvuka daraja, waombe wenzako dakika tano, uwasimulie ile ya tofali na kamasi. Hivyo hivyo ulivyoniandikia. Kisha kaa kimya.

Mambo ya karatasi sasa. Hukuniambia kama umeshachukua uraia. Kama bado, usivuke ule mto bila hati ya kusafiria ya mkimbizi mkononi, hata kama una kadi ya ukaaji wa kudumu na hata kama kiongozi anasema "tutakuwa pamoja". Hati hiyo huombwa mapema, ukiwa bado ndani ya Marekani, na haitoki kwa wiki moja. Waulize pia ubalozi mdogo wa Mexico kama wanaikubali hati yako. Wenzako wakirudishwa mpakani watarudi kesho, wewe unaweza kupata shida ya miaka. Serikali ya Marekani imekuwa ikiwatahadharisha raia wake kuhusu jimbo la Chihuahua, kwa hiyo ulizia mtalala wapi na nani atawapokea darajani. Choma sindano ya pepopunda. Vaa glovu za mpira, saruji mbichi inakula ngozi na hutasikia maumivu mpaka jioni. Na ile fulana ya kijani, ivae siku ya plasta.

*

Mzee Fundi, mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa usharika wetu, Mbeya. Mwezi wa sita tunapokea wageni 12 kutoka Ulaya watakaotusaidia kumalizia nyumba ya mwinjilisti kwa wiki mbili. Tuwape kazi gani? Mchungaji anataka waweke tofali. (Katibu, Mbeya)

Ndugu Katibu, mchungaji aweke tofali yeye, tuone.

Msingi, kona na lenta vifanywe na mafundi wenu kabla ya ndege kutua. Wageni wakute ukuta una kona zilizonyooka na kamba imefungwa. Wanaopenda mwiko wakae mmoja mmoja kati ya mafundi wawili, na fundi awe ameruhusiwa kwa maneno, mbele ya wageni wote, siku ya kwanza, kubomoa kozi yoyote asiyoipenda. Mchungaji aseme hivyo kwa mdomo wake. Mkilisema wazi wageni hawakasiriki, wengi hupumua. Wengine wachimbe shimo la choo, wasombe maji, wamwagilie matofali, wapake rangi. Jamvi likimwagwa, linyeshewe siku saba, wageni wawepo au wasiwepo. Zege linafikia nguvu yake kwa siku 28 na halijui tarehe ya tiketi ya mtu.

Mishahara ya mafundi wenu wakati wa hizo wiki mbili iwe ndani ya bajeti. Nimeona mahali mafundi waliambiwa wapumzike bila malipo "kwa kuwa nguvu kazi imefika". Aibu.

Na hili msilipuuze: machoni pa Uhamiaji, kujitolea ni kazi. Visa ya matembezi haitoshi kwa mtu anayebeba karai. Nendeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa muulizie kibali cha wanaojitolea mapema, wageni kabla hawajakata tiketi. Mkija kuuliza wakiwa wameshafika, mtauliza mkiwa mmesimama.

*

Fundi, kwenye matoleo ya nyuma ulitaja kwamba mlikwenda Msumbiji kujenga baada ya kimbunga. Hukusema ziliishia wapi hizo nyumba. Bado zimesimama? (Msomaji wa Tabora)

Umenibana. Nilitarajia hakuna atakayeuliza.

Kimbunga Idai kilipiga Beira usiku wa kuamkia 15 Machi 2019. Mwezi wa nane mwaka huo tulikwenda mafundi saba wa usharika wetu, kwa basi, tukipitia Malawi, mpaka Búzi, ng'ambo ya ghuba kutoka Beira. Tulijenga nyumba tatu kwa wiki tatu. Tulikuwa na kijana wa Mtwara aliyejua Kireno cha sokoni. Mwenyeji wetu alikuwa pedreiro, fundi mwashi wa pale, mtu mwembamba, mpole, umri wangu. Anajua upepo. Alitufundisha kufunga kila kenchi kwa mkanda wa chuma unaoshuka mpaka ndani ya lenta, na kuacha paa lichomoze kidogo tu nje ya ukuta ili upepo usipate pa kushika.

Mimi nikataka baraza. Kwetu nyumba bila baraza ni ghala. Nikasema tulirefushe paa la mbele mita moja na nusu, tuweke nguzo mbili, mama wa watu apate pa kupepetea mchele. Pedreiro aliangalia juu, akasema kitu kirefu. Kijana wa Mtwara akatafsiri: "Anasema, kama wageni wanapenda." Nikasikia ndiyo. Tukajenga baraza kwenye nyumba zote tatu.

Tarehe 23 Januari 2021 kikaja kimbunga kingine, Eloise, kikaingia Beira palepale. Baada ya siku kadhaa alinitumia picha kwa WhatsApp. Nyumba zote tatu zimesimama, mapaa yake yapo. Mabaraza yote matatu hayapo. Bati zake ziliokotwa mashambani. Chini ya picha hakuandika neno.

Niliona haya siku nzima. Jioni nikamwandikia, nikamuuliza nitume pesa za bati ngapi. Jibu lilikuja kesho yake, binti yake ndiye aliyeandika, kwa Kiingereza cha shule: baba anashukuru, usitume, ile sehemu haturudishi.